Mnara wa Iskandaria Tulioufuata na Kuukosa

Mama yetu aliujua mnara wa Iskandaria kabla yetu sote. Aliujua tangu chuoni, akiwa binti wa miaka minane au tisa, mwalimu wake alipokuwa akimaliza kuwasikiliza watoto wakisoma vibao vyao na kuwaongezea hadithi moja kabla ya kuwaruhusu kwenda zao. Mnara huo, alisema mwalimu, ulisimama juu ya kaa wa kioo aliyelala chini ya bahari, na kileleni mwake palitundikwa kioo kikubwa ambacho mtu akikitazama huziona merikebu za Warumi zikitweka matanga huko kwao, mwendo wa siku nyingi.

Basi tulipokuwa Kairo, sisi ndugu wawili, kaka na dada, tulipompeleka mama kumwona mjukuu wake anayesoma Al-Azhar, na kijana akamwuliza bibi yake angependa kuonyeshwa nini katika nchi ya Misri, hakutaja mapiramidi. Alisema, "Nipelekeni kwenye ule mnara wenye kioo."

Hatukuwa na moyo wa kumwambia kwamba mnara huo haupo, na kwamba umekwisha kutoweka zaidi ya miaka 500. Tukapanda treni asubuhi, tukapita katikati ya mashamba ya kijani yasiyokwisha, na baada ya karibu saa tatu tukashuka Iskandaria, mji mrefu na mwembamba uliojilaza ubavuni mwa bahari kama mtu aliyejinyoosha barazani.

Njia yetu ilipita mtaa wa Anfushi. Hapo upo msikiti wa Sheikh Abul-Abbas al-Mursi, na mkabala wake upo msikiti wenye kaburi la Imam al-Busiri. Watu wa pwani hawana haja ya kuelezwa huyu ni nani. Burda yake husomwa majumbani mwetu, na Hamziya yake ilifasiriwa kwa Kiswahili cha kale na Sayyid Aidarus bin Athumani. Mama alikaa hapo muda mrefu kuliko tulivyopanga, nasi hatukumharakisha. Baadaye, kwa kuwa miguu yake haimbebi tena kama zamani, tulikodi gari la farasi likatupeleka mpaka mwisho wa nchi kavu, mahali ambapo bahari imezunguka pande tatu.

Palikuwa na ngome. Ngome nzuri, ya mawe meupe yanayoelekea rangi ya asali, yenye kuta nene na pembe za mviringo. Mama aliitazama kwa muda.

"Mbona ni mfupi?" aliuliza.

Ikambidi mjukuu wake aeleze. Tukakaa juu ya ukuta wa mawe unaozuia mawimbi, tukanunua chai kwa kijana mmoja mchuuzi, na hadithi ya mnara ikaanza tangu mwanzo wake.

Mahali tulipokaa hapakuwa bara siku zote. Palikuwa kisiwa kiitwacho Pharos, na wafalme wa Kiyunani walioitawala Misri baada ya Aleksanda walikiunganisha na mji kwa njia ndefu ya mawe iliyojengwa baharini. Mchanga ukajijaza kando ya njia hiyo karne baada ya karne, hata leo mtu hupita mitaa yenye nyumba na maduka bila kujua kwamba anavuka bahari. Hapo ndipo mnara ulipojengwa, ukamalizika yapata mwaka 280 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amani iwe juu yake. Ulikuwa na madaraja matatu: la chini la pembe nne, la kati la pembe nane, na la juu la mviringo. Urefu wake ulizidi mita 100, na ulijengwa kwa sababu nyepesi kabisa: pwani ya Misri ni tambarare, haina mlima wala kilima cha kumwelekeza nahodha, na mbele ya bandari kuna miamba. Usiku palikuwa na moto, mchana palikuwa na mnara wenyewe. Jina la kisiwa hicho likawa jina la minara yote ya taa katika lugha ya Wafaransa na ya Wataliani. Waarabu wao waliuita manara, mahali pa nuru, na neno hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo tunaposema mnara, uwe wa msikiti, uwe wa taa, uwe wa simu.

Amr bin al-Aas, Allah amridhie, alipouingiza mji huo katika dola ya Kiislamu mnamo mwaka 641 na 642, mnara ulikwisha kuwa na umri wa miaka 900. Waislamu hawakuubomoa. Waliutunza, waliutengeneza, nao ukadumu mikononi mwao miaka mia saba mingine. Jambo hili tunalisema kwa sababu hatulisikii likisemwa mara nyingi.

Walioujaza mnara huo hadithi ni wasafiri na waandishi waliokuja baadaye, na mkuu wao ni Abul-Hasan al-Masudi. Mtu huyu si mgeni kwetu. Mwaka 304 Hijria, sawa na 916 Miladia, alisafiri katika bahari ya Zanji mpaka kisiwa cha Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakielekeza Pemba, na akaandika kwamba katika bahari zote alizopita hakuona yenye hatari kuliko hii yetu. Miaka iliyofuata aliishi Misri, na humo akakusanya yale watu waliyokuwa wakiyasimulia juu ya mnara wa Iskandaria. Kaa wa kioo yumo. Kioo kimo. Zimo sanamu tatu: moja iliyolinyooshea jua kidole ikalifuata popote lilipo angani, ya pili iliyoelekeza mkono baharini na kupiga ukelele adui akaribiapo, na ya tatu iliyotoa sauti kila saa. Yumo pia kundi la wapanda farasi kutoka Maghribi walioingia ndani ya mnara na farasi wao, wakapotea katika vyumba na vichochoro vyake, wakatumbukia baharini.

Mama alifurahi sana. Kumbe mwalimu wake hakutunga!

Lakini ya ajabu kuliko yote, kwa maoni yetu, ni ile inayoeleza namna mnara ulivyoharibika. Al-Masudi anasimulia kwamba mfalme wa Rumi alikerwa na kioo kile, maana kilimnyima nafasi ya kuushambulia mji kwa ghafula. Akamtuma mtumishi wake mmoja mwerevu kwa Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala kati ya mwaka 705 na 715. Mtu huyo alijidai kwamba amekimbia kuuawa, akasilimu mbele ya Khalifa, kisha akaanza kumwonyesha hazina zilizofukiwa sehemu mbalimbali katika nchi ya Shamu. Kila mahali alipoonyesha pakachimbwa, na kila palipochimbwa pakapatikana mali. Alipoona kwamba tamaa imekwisha kushika, akasema: hizi ni chembe tu, hazina kubwa ya Aleksanda, dhahabu na vito, imelala chini ya mnara wa Iskandaria. Khalifa akampa askari na watu wa kazi. Wakabomoa nusu ya mnara na kukishusha kioo. Watu wa mji walipiga kelele, wakijua kwamba ni hila. Yule mtu alipohisi kuwa ameshtukiwa, aliingia usiku katika jahazi aliloliweka tayari, akaondoka. Hazina haikupatikana.

Kijana alipofika hapo alitabasamu na kuuliza, kama wanafunzi wa Al-Azhar waulizavyo, "Sasa, Bibi, isnadi yake iko wapi?"

Hapana budi kukiri kwamba swali lake lilikuwa la haki. Kisa hicho kimeandikwa zaidi ya miaka 200 baada ya al-Walid, na mashahidi wa macho hawakiungi mkono. Ahmad bin Tulun, aliyetawala Misri kuanzia mwaka 868, aliukarabati mnara na kuweka kuba la mbao kileleni. Mtu haweki kuba juu ya kifusi. Mwaka 1166 msomi mmoja wa Malaga, al-Balawi, aliupima kwa kamba iliyofungwa jiwe, akaeleza madaraja yake yote matatu na msikiti mdogo uliojengwa juu kabisa. Ibn Jubayr alifika mwaka 1183 akielekea Hija, akapanda, akaswali katika msikiti huo, na akaandika kwamba mabaharia huuona mnara tangu maili 70. Naye pia alitia chumvi kidogo, Allah amsamehe. Alisema urefu wake unazidi vimo 150 vya mtu, na tukifuata hesabu hiyo tutapata zaidi ya mita 250. Hata mkweli akisimama chini ya kitu kirefu, macho huongeza.

Kilichouangusha mnara ni ardhi yenyewe. Al-Masudi, yule yule wa kaa wa kioo, katika kitabu chake cha mwisho ameandika maneno machache makavu: kwamba mwezi wa Ramadhani mwaka 344 Hijria ilitokea zilzala, na kilele cha mnara, kiasi cha dhiraa 30, kikaanguka. Habari hiyo aliipata akiwa Fustat, na hakutia ndani yake jini wala mfalme wa Rumi. Mwaka 1303 ikaja zilzala nyingine kubwa zaidi, iliyobomoa misikiti na nyumba hata Kairo. Mnara haukupona tena.

Shahidi wa mwisho ni Ibn Battuta. Alifika Iskandaria mwaka 1326, kijana wa miaka 22, akakuta upande mmoja umeanguka. Aliingia. Anaeleza kwamba mlango ulikuwa juu kutoka ardhini, na mkabala wake palikuwa na jengo la kimo hicho hicho; mbao zilitandazwa katikati watu wavukie, nazo zikiondolewa hapana njia ya kuingia. Alipima upana wa njia ya ndani kwa shibiri, akapata tisa. Aliporudi mwaka 1349 alikuta mnara umebomoka kiasi kwamba mtu hawezi kuingia wala kuufikia mlango. Sultani al-Malik an-Nasir alikuwa ameanza kujenga mwingine mfano wake karibu na hapo, lakini mauti yalimtangulia.

Kati ya safari hizo mbili, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita Mombasa na kufika Kilwa. Tulimwambia mama jambo hili tukidhani litampendeza. Aliyeswali Kilwa ni mtu aliyekwisha kupita ndani ya mnara ule kwa miguu yake, wakati bado kuna pa kupita.

Mama hakujibu. Alikuwa akiitazama chai yake, ambayo ilikuwa imepoa. Kisha akasema, bila kutugeukia:

"Baba yenu ndiye aliyewashikia karabai."

Hatukumwelewa. Ikabidi aseme yote, nasi tunayaandika hapa kwa idhini yake.

Katika kijiji chetu, upande wa Mrima, karibu na magofu ya msikiti wa kale, kuna lundo la mawe ya matumbawe lililofunikwa na mizizi ya mkwamba. Tangu utoto wetu lundo hilo likiitwa Mnarani. Ulikuwa mnara wa kaburi, kama ile inayoonekana Kunduchi na Tongoni: nguzo ndefu iliyojengwa juu ya kaburi la mkubwa fulani wa zamani, na ubavuni mwake yamepachikwa mabakuli ya Kichina. Tuliambiwa kwamba uliangushwa na upepo wa kusi kabla hatujazaliwa. Nasi tumewaambia wanetu hivyo hivyo.

Kumbe hapakuwa na upepo. Walikuja watu wawili, asema mama, katika mwaka wa pili wa ndoa yake. Walikuwa na kanzu safi, tasbihi na karatasi kuukuu yenye herufi za Kiarabu. Walikaa wiki nzima, wakaswali safu ya mbele jamaa kwa jamaa. Kisha wakawaeleza wazee kwamba karatasi ile inaonyesha rupia zilizofukiwa chini ya mnara. Msikiti wetu wakati ule ulikuwa unavuja, makuti yameoza, na bei ya mabati ilikuwa haishikiki. Wageni waliahidi theluthi kwa msikiti. Walisema watachimba pembeni, hawataligusa kaburi. Wazee walibishana siku mbili, hatimaye wakakubali, na kijana aliyechaguliwa kuwamulikia usiku, kwa kuwa alikuwa na karabai nzuri na alikuwa mwaminifu, akawa marehemu baba yetu.

Karibu na usiku wa manane walimrudisha nyumbani akaongeze mafuta. Aliporejea, mnara ulikuwa umelala chini, na wageni hawapo. Mashua yao ilikuwa imekwisha kutweka. Kulipopambazuka watu walitazama vipande vya nguzo wakaona mashimo ya mviringo, matupu, kila palipokuwa na bakuli. Rupia hazikuwako. Bila shaka hawakuja kwa ajili ya rupia.

Wavuvi ndio walioumia kwanza. Mnara ule ndio uliokuwa alama yao. Chombo kikitoka nje humweka mnara sawasawa na mbuyu wa nyuma yake, kisha huingia katika mlango wa mwamba bila hofu. Walisimamisha boriti yenye kitambaa cheupe, upepo ukaing'oa, wakasimamisha nyingine. Mwaka huo mashua mbili zilipanda mwamba. Hakuna aliyekufa, alhamdulillahi. Na wazee wakakubaliana kimyakimya kwamba litajwe jina la kusi.

"Aliomba maghufira mpaka siku yake ya mwisho," mama alisema. "Lakini hakuwahi kuwaambia ninyi. Mimi nilidhani ni yetu peke yetu. Kumbe hata Khalifa alidanganywa hivyo hivyo."

Kijana alifungua kinywa, labda amkumbushe bibi yake kwamba kisa cha Khalifa hakikuthibiti. Shangazi yake alimgusa bega, akanyamaza. Watu wa Iskandaria walipatwa na zilzala wakasimulia hila. Sisi tulipatwa na hila tukasimulia upepo. Hilo tulilifikiri sote wawili, na tulilizungumza baadaye tu, usiku, mama alipokwisha kulala.

Tuliingia ngomeni mchana ukiwa umeanza kupungua. Sultani Qaitbay aliijenga kati ya mwaka 1477 na 1479, pale pale mnara ulipokuwa, ili kuulinda mji na manowari, na husemwa kwamba mawe ya mnara yamo katika kuta zake. Ndani mna msikiti mdogo. Ngome nayo ilikuwa na mnara wake wa adhana, lakini mwezi Julai 1882 manowari za Waingereza ziliupiga mji kwa mizinga na mnara huo ukaanguka. Kwa hiyo mahali hapo pamepoteza minara miwili, mmoja kwa amri ya Allah kupitia ardhi yake, na mwingine kwa mikono ya watu.

Dirishani mnaonekana maji ya kijani. Chini yake, kina cha mita chache tu, wapiga mbizi walioanza kazi mwaka 1994 wamekuta maelfu ya mawe yaliyochongwa, na mwaka 2025 yakainuliwa 22 katika makubwa yao, yakiwemo ya mlango wa mnara, mengine yenye uzito wa tani 70 au 80. Wameyapiga picha na kuyapima yote ili waone yalivyopangana zamani. Mama alisikiliza maelezo hayo kwa makini kuliko yale ya kioo. Aliuliza mara mbili ni nani aliyewaonyesha mawe yalipo, na kama yakishatolewa hurudishwa mahali pake.

Magharibi tuliswali kwa Sheikh al-Mursi. Tulipotoka, taa za barabara ya pwani zimewashwa, mama alisimama kwenye ngazi akawashika wanawe mikono, mmoja huku na mmoja huku.

"Lile jiwe la uani," alisema, "la kutawadhia."

Uani kwetu, karibu na pipa la maji, kuna pande la tumbawe lililotiwa chokaa ambalo tumetawadha juu yake maisha yetu yote. Ubavuni lina shimo la mviringo, laini, kiasi cha kiganja kilichokunjuliwa. Ndimo tulimokuwa tukiweka sabuni.

"Baba yenu alilibeba siku ile asubuhi. Hakusema kwa nini. Mkirudi, mlirudishe Mnarani."